Ndege ikichelewa kati ya Nairobi na Amsterdam

Tuchukue abiria wawili wanaoondoka Nairobi usiku mmoja kwenda Amsterdam, mmoja kwa KLM, mwingine kwa Kenya Airways. Ndege zote mbili zinaharibika na kufika zimechelewa saa 5. Abiria wa KLM anaweza kudai fidia ya euro 600. Mwenzake hawezi.

Chanzo ni Kanuni ya 261 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004. Ndege ikiruka kutoka Ulaya, kanuni hiyo hulibana shirika lolote lile. Ikitoka nje kwenda Ulaya, hulibana shirika la Ulaya peke yake. Ndiyo maana safari ya kurudi, Amsterdam kuja Nairobi, inamlinda hata yule wa Kenya Airways. Na tusidanganyike na nembo iliyo kwenye tiketi: mashirika huuziana viti, na anayedaiwa ni yule aliyerusha ndege. Jina lake huandikwa kwenye tiketi kwa herufi ndogo mno, sijui kwa nini.

Jambo lisilojulikana sana ni kwamba kanuni yenyewe haikutaja fidia ya kuchelewa. Ilizungumzia safari zilizofutwa na abiria walionyimwa nafasi. Ni Mahakama ya Haki ya Ulaya iliyoamua mwaka 2009, katika kesi ya Sturgeon, kwamba anayefika akiwa amechelewa saa 3 au zaidi naye alipwe. Muda huhesabiwa hadi mlango wa ndege unapofunguliwa, si magurudumu yanapogusa ardhi. Kwa safari ndefu kama hii, ucheleweshaji usiofika saa 4 unaweza kupunguziwa fidia hadi nusu.

Shirika huponea kwenye kile kinachoitwa mazingira yasiyo ya kawaida: ukungu mzito, anga kufungwa, mgomo wa waongoza ndege. Hitilafu ya kiufundi kwa kawaida haihesabiki humo. Mahakama ilishasema mwaka 2008 kwamba ni sehemu ya biashara yenyewe. Utata uko kwenye mnyororo wa safari. Ndege inayoondoka Nairobi usiku mara nyingi ndiyo iliyoingia jioni kutoka Ulaya, ikageuzwa. Je, balaa la safari ya kwanza liwe kisingizio cha ya pili? Mwaka 2020, katika kesi ya TAP ya Ureno, ambapo abiria wa safari iliyotangulia alimng'ata mwenzake na ndege ikalazimika kutua njiani, mahakama ilikubali kwamba linaweza kuwa. Lakini shirika lazima lithibitishe kuwa balaa lile ndilo lililoleta ucheleweshaji, na kwamba lilijitahidi kuwapatia abiria njia nyingine.

Chakula na hoteli ni haki ya kando. Hata majivu ya volkano ya Iceland ya mwaka 2010 hayakuyaondolea mashirika wajibu huo.

Abiria wetu wa Kenya Airways, basi, amebaki na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia. Huu hautoi kiwango maalumu. Hulipa hasara uliyoithibitisha, mathalani hoteli uliyojilipia au tiketi mpya ya kuunganisha safari, na shirika likionyesha kuwa lilichukua kila hatua iliyowezekana, halilipi. Kwa hiyo risiti zitunzwe, na kesi ifunguliwe kabla ya miaka 2 kupita.