FUNZA WA INZI ANAISHI WAPI?

Ndugu mkulima, fukua samadi mbichi zizini. Utaona wadudu weupe wasio na miguu. Hao ni funza, watoto wa inzi.

Inzi jike hutaga mayai 100 au zaidi kwa mara moja. Huyataga kwenye samadi, kinyesi, takataka na mizoga, kwa sababu hapo ndipo funza hupata chakula. Kwenye joto mayai huanguliwa kwa siku moja. Funza hula siku kadhaa, kisha hujificha kwenye udongo mkavu. Hapo hugeuka inzi.

Inzi huyo hutoka kinyesini akatua kwenye ugali. Hutuletea kuhara. Inzi wa aina nyingine hutua machoni mwa watoto na kueneza trakoma, ugonjwa unaopofusha. Funza wake hula hasa kinyesi cha watu kilichoachwa wazi porini. Ndani ya choo cha shimo hakui kwa urahisi.

Basi, tufanye nini?

1. Tuchimbe vyoo, kama kampeni ya Mtu ni Afya ilivyotufundisha mwaka 1973. Nanyi wachimbaji wa Nyarugusu na Rwamagaza, shimo la choo litangulie shimo la dhahabu.

2. Tuanike samadi. Ikikauka, funza hufa.

3. Kuku wachakure samadi, wale funza. Lakini mizoga tuifukie. Kuku akila funza wa mzoga anaweza kulegea shingo na kufa.

4. Tufunike chakula.

Mnyime funza chakula, umlinde mtoto wako.