HAPENDI, AU HAPATANI NACHO?

Hapa kwetu Pwani mtoto asiyekula chakula fulani huwa na sababu yake, na Kiswahili hakikukosa maneno ya kuieleza. Kuna haramu, nayo haina mjadala. Kuna mwiko, ambao huja na ukoo: babu hakumla samaki fulani, na mjukuu naye hamli. Kuna deko la mtoto aliyezoea kubembelezwa. Kisha kuna jambo la nne, ambalo wazee husema "chakula hiki hakipatani naye", na madaktari siku hizi huliita mzio. Taabu ni kwamba yote manne twayatamka kwa neno moja tu: hali.

Hatari ya neno hilo niliielezwa Bodo, kijiji cha wavuvi kinachotazamana na kisiwa cha Funzi, upande wa kusini ya Msambweni. Yuko bibi mmoja huko, ambaye jina lake nalisitiri, anayelea watoto wa majirani nyumbani kwake tangu mama zao watokapo asubuhi hadi alasiri.

Alinisimulia kwamba siku moja aliletewa mvulana wa miaka mitatu. Aliyemleta si mama, bali dada yake aliyekuwa akikimbilia shule. "Bibi, huyu hali kamba," akasema, akaenda zake. Bibi akadhani ni mwiko wa kwao, na kamba hakumpa. Lakini muhogo wa mchana aliukaanga katika mafuta yale yale yaliyokaangiwa kamba jana yake. Kwa mwenye mwiko pengine yangepita. Kwa mwenye mzio hayakupita. Punde midomo ikafura, mwili ukatoka mabaka, na pumzi ikaanza kulia kama filimbi. Jirani mmoja akaja na maziwa, mwengine akasema ni kijicho. Bibi hakungoja, alimpakia mtoto kwenye bodaboda hadi hospitali, akadungwa sindano, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu akapona.

Tangu hapo hapokei mtoto mgeni ila kwa kinywa cha mama mwenyewe, na maswali yake ni matatu. "Mwanangu, hapendi au hapatani nacho? Akila huwaje? Na kikigusa tu chakula chengine je?" Kwanza alimfunga yule mvulana uzi mwekundu mkononi ili asisahaulike, lakini mtaa ukaanza kunong'ona kuwa ni hirizi. Akaukata. Sasa mtoto ana sahani yake ya kijani, isiyoliwa na mwengine, na kikaango chake kimetundikwa mbali na karai la samaki. Hata mjukuu wa bibi, msichana wa miaka kumi, ajua maana ya sahani ile.

Jambo hili si geni, wala si ushamba wetu. Neno "aleji" lilitungwa na daktari Clemens von Pirquet wa Vienna mwaka 1906. Na mwaka 1921, mjini Breslau, daktari Heinz Küstner, ambaye samaki aliyepikwa alikuwa akimdhuru, alitoa maji ya damu yake yakadungwa katika ngozi ya mwenziwe Carl Prausnitz. Kesho yake Prausnitz akadungwa pale pale maji yaliyotolewa katika samaki, na ngozi ikafura, ilhali yeye mwenyewe samaki alikuwa akimla bila taabu. Ikabainika kwamba dhara hiyo imo katika damu ya mlaji. Haimo katika deko lake.

Ila si kila mabaka ni mzio. Jodari aliyekaa juani bila barafu hufanya sumu iitwayo histamini, ambayo moto wa jikoni hauiondoi, na hapo waweza kuugua walaji kadhaa kwa pamoja. Akiugua mmoja peke yake, tena kila alapo kitu kile kile, kiwe kamba, yai, karanga au korosho, ndipo tushuku mzio na tumwone daktari.

Na pumzi ikibana, maziwa wala mkaa havisaidii. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, hudungwa pajani, na kila dakika ina thamani yake.

Bibi aliniambia kwamba miezi inayompa hofu zaidi ni Ramadhani na mwezi wa Maulidi, sahani zinapozunguka nyumba kwa nyumba. Nani ajuaye kama kashata ile ina karanga, au mkate ule una mayai mangapi? Yeye hupokea kwa shukrani, akaiweka sahani juu ya kabati mpaka aulize. Majirani wengine hununa kidogo. Mama wa yule mvulana, kila amletapo, bado husimama mlangoni na kuyajibu maswali yale matatu upya, na bibi humsikiliza kana kwamba ndiyo kwanza aambiwe.