Dohani ya Jiko Banifu Nayo Husafishwa

Tunapotembelea kaya zilizojengewa majiko banifu yenye dohani, swali moja hujirudia: mbona siku hizi jiko linarudisha moshi ndani? Mara nyingi jiko lenyewe ni zima. Kilichoziba ni dohani.

Moshi wa kuni hubeba mvuke wa maji, masizi na lami. Ukifika sehemu ya juu ya dohani, ambako ni baridi, lami huganda ukutani na masizi hunasa juu yake. Njia ikishakuwa nyembamba, hewa haivutwi tena. Moto hufifia na moshi hutokea mdomo wa kuni, mbele ya uso wa mama anayepika na mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Dohani ikiziba, familia hurudi kwenye mafiga matatu, na fedha za mradi zimekwisha kutumika.

Chanzo kikubwa ni kuni mbichi. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Kuni zipasuliwe na kupangwa chini ya paa, penye upepo, kwa miezi kadhaa. Zilizokauka huwa na nyufa kwenye ncha, na ukizigonganisha hulia kwa sauti kali.

Kusafisha si kazi ya fundi. Jiko liachwe lipoe usiku mzima. Anayesafisha ajifunge kitambaa puani na mdomoni, afunge matambara magumu kwenye mti mrefu, asugue dohani kutoka juu kwenda chini, kisha atoe masizi kwa tundu la chini. Wengi huishia hapo, nasi tunadhani wanaiacha nusu ya kazi: njia ya moshi iliyo chini ya chungu cha pili nayo hujaa majivu. Mkono uingie humo pia. Nyufa zizibwe kwa udongo ule ule uliojengea jiko. Maji yasimwagwe kwenye jiko la moto, litapasuka. Kwa kaya inayopika kila siku, tunashauri mara moja kwa mwezi. Wenye kuni mbichi wasisubiri mwezi uishe.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Tunauunga mkono. Hata hivyo, vigango vingi bado vinapika kwa kuni, na mama hawezi kuvuta moshi huku akisubiri gesi.

Kwa hiyo tunaomba kila bajeti ya majiko iwe na fungu la ngazi moja kwa kigango na siku moja ya mafunzo. Wafundishwe wanaopika wenyewe, si wanakamati peke yao. Ngazi itunzwe na katibu wa kigango na iazimwe bila malipo.