Mama Asiachwe Peke Yake Wakati wa Uchungu



Wengi wetu tumewahi kuyaona haya. Mama mjamzito anashuka kwenye bajaji akiwa ameshika kiuno. Nyuma yake yuko mama mkwe na kapu lenye kanga, beseni na chupa ya chai. Wanafika kwenye mlango wa wodi ya wazazi, muuguzi anapokea kapu na kadi ya kliniki, na mlango unafungwa. Mama mkwe anabaki chini ya mwembe mpaka kesho yake asubuhi. Kule ndani mkunga mmoja anahudumia akina mama watano au sita, na yule binti anapambana na uchungu peke yake, pengine ni mara yake ya kwanza.

Siku hizi, katika miji mikubwa kama Nairobi na Dar es Salaam, wako wanawake wanaofanya kazi ya kukaa na mama wakati wa uchungu kwa malipo. Wanaitwa dula. Je, mtu wa namna hii ana faida gani? Na familia isiyo na fedha za kumlipa ifanye nini? Katika toleo hili tunapenda kuyazungumza maswali hayo mawili.

Dula ni nani?

Neno hili limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni mtumishi wa kike. Ndilo neno ambalo Mama Bikira Maria alijiita mbele ya Malaika Gabrieli, kama tunavyosoma katika Injili ya Luka iliyoandikwa kwa Kigiriki. Mara baada ya kujiita hivyo, alifunga safari kwenda milimani kwa Elizabeti aliyekuwa mjamzito uzeeni, akakaa naye yapata miezi mitatu. Ni mtaalamu mmoja wa Marekani, Dana Raphael, aliyelitumia neno hilo mwaka 1973 kumtaja mwanamke anayemsaidia mama mzazi.

Dula si mkunga. Hapimi njia, hamzalishi mama, hatoi dawa wala sindano. Wala si mkunga wa jadi wa kuchukua nafasi ya hospitali. Kazi yake ni moja: kukaa na mama tangu uchungu unapokolea mpaka mtoto azaliwe, bila kuondoka. Anamsugua mgongo, anamfuta jasho, anampa maji na uji kama mkunga ameruhusu, anamtembeza, anamkumbusha kwenda haja ndogo, anamtia moyo na kusali naye.

Faida zake

Wazee wetu walijua kwamba mzazi haachwi peke yake. Sayansi nayo imethibitisha. Mwaka 1980 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika nchini Guatemala kwa akina mama wa uzazi wa kwanza. Wale waliokaa na mwanamke wa kuwatia moyo walijifungua kwa wastani wa saa zisizofika 9 tangu kupokelewa hospitalini. Walioachwa peke yao walichukua zaidi ya saa 19. Mwaka 1991 utafiti wa Houston, Marekani, ulionyesha kwamba kati ya akina mama 100 waliosaidiwa hivyo, 8 walifanyiwa upasuaji. Kwa wale waliokosa msaada walikuwa 18. Mwaka huohuo huko Johannesburg, Afrika Kusini, ilionekana kwamba waliosindikizwa na wanawake wa kawaida wa kujitolea, wasio na elimu ya uuguzi, walikuwa na hofu kidogo. Baada ya wiki 6 wengi wao zaidi walikuwa wakinyonyesha maziwa ya mama pekee.

Mwaka 2017 wataalamu walikusanya pamoja tafiti 26 kutoka nchi 17, zenye wanawake zaidi ya 15,000. Walikuta kwamba upasuaji ulipungua kwa karibu robo, uchungu ulifupika kwa dakika 40 hivi, na watoto waliozaliwa wakiwa dhaifu walikuwa wachache zaidi. Hii haina maana kwamba mwenye msindikizaji hatapasuliwa kamwe. Wako wanaohitaji upasuaji ili kuokoa maisha, na kwao upasuaji ni baraka. Lakini faida iko wazi, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila mama awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtu mwenye hofu mwili wake hukaza, na kemikali za mshtuko zinazotoka mwilini huweza kupunguza nguvu ya uchungu. Aliyetulizwa hupumua vizuri, hutembea badala ya kulala chali, na hueleza mapema anachokisikia.

Gharama

Huko Marekani dula hulipwa kuanzia dola mia kadhaa hadi 2,000 na zaidi kwa uzazi mmoja. Kwa familia nyingi za parokia zetu, hata sehemu ndogo ya fedha hizo ni ada ya shule ya mwaka mzima. Tusidhani, hata hivyo, kwamba ni fedha za bure. Kwa kawaida malipo hayo ni ya kumtembelea mama mara moja au mbili kabla ya kujifungua, kumsindikiza wakati wote wa uchungu, hata kama ni siku mbili, na kumtembelea tena nyumbani. Tena kwa majuma kadhaa dula hawezi kusafiri wala kuzima simu, kwa sababu hakuna ajuaye siku wala saa.

Kama familia yako ina uwezo na mnataka kumlipa mtu, ulizeni kwanza mambo haya: Malipo yanahusu nini na nini? Akiugua, nani atashika nafasi yake? Mama akifanyiwa upasuaji, yeye atafanya nini? Na hospitali mtakayokwenda inamruhusu kuingia? Mkimpata anayeahidi kwamba hutapasuliwa, anayekuambia usiende hospitali, au anayekupa dawa za miti za kuongeza uchungu, mkimbieni. Dawa hizo zinaweza kupasua mfuko wa uzazi na kuua mama na mtoto.

Asiye na fedha afanye nini?

Hapa ndipo tunapotaka familia zetu zisikie vizuri. Kinachomsaidia mama ni mtu mtulivu, anayejua la kufanya, asiyeondoka. Mtu huyo anaweza kuwa mama mzazi, dada, shangazi, jirani au mwanajumuiya. Katika mkoa wa Kigoma, kuanzia mwaka 2016, vituo tisa vya serikali viliruhusu wasindikizaji, na zaidi ya akina mama wanane kati ya kumi waliojifungulia huko walikuwa na mtu wao. Karibu wote walisema waliridhika sana. Wakunga nao, ambao mahali pengi huogopa kwamba ndugu watasumbua, walisema wasindikizaji waliwapunguzia kazi na kuwaita hali ilipobadilika.

Hata hivyo, gharama hazikosekani. Kuna nauli, chakula na siku za kazi zinazopotea. Na msindikizaji asiyejiandaa, anayelia kuliko mzazi, hasaidii. Kwa hiyo tunashauri:

1. Ifikapo mwezi wa saba, mama achague mtu anayemwamini mwenyewe. Asichaguliwe na mume wala mama mkwe. Mara nyingi mama aliyekwisha kuzaa, mpole na mwenye kutunza siri, hufaa. Achaguliwe na wa pili, wa kushika zamu.

2. Waende wote kliniki angalau mara moja, waulize kama wodi inaruhusu msindikizaji. Mahali pengi kikwazo ni kwamba chumba ni kimoja na vitanda vimekaribiana. Pazia kati ya vitanda linaweza kuondoa kikwazo hicho, na parokia inaweza kuchangia mapazia katika zahanati yake.

3. Mume aanze mapema kuweka akiba ya nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi. Kama hospitali inaruhusu na mkewe anataka, yeye mwenyewe anaweza kuwa msindikizaji.

4. Msindikizaji azijue dalili za hatari na amwite mkunga mara moja akiona: damu nyingi, degedege, kichwa kuuma sana au macho kuona giza, maji ya chupa kuwa ya kijani, kitovu kutangulia, mtoto kuacha kucheza, au mama kusikia kusukuma. Asiongeze dawa yoyote. Asimwambie mama asukume kabla mkunga hajasema.

5. Mtoto akizaliwa, amsaidie mama kumweka kifuani na kumnyonyesha ndani ya saa ya kwanza. Aendelee kuangalia damu, kwa sababu saa chache baada ya kujifungua ni za hatari pia.

Kazi ya jumuiya

Tunapenda kuziuliza Jumuiya Ndogondogo za Kikristo na vikundi vya akina mama: Je, mnawajua wajawazito wa jumuiya yenu? Yupo binti aliyekimbiwa na aliyempa mimba, ambaye hana hata wa kumbebea kapu? Jumuiya inaweza kuchagua akina mama wawili au watatu, ikamwomba mkunga wa zahanati awafundishe siku moja au mbili, kisha wakawa tayari kumsindikiza ye yote atakayewahitaji. Zile tafiti za mwaka 2017 zilionyesha kwamba upasuaji ulipungua hasa pale ambapo msaidizi alikuwa ni mtu wa kazi hiyo maalumu. Kwa hiyo siku hizo za mafunzo hazitapotea bure. Wengine wabaki na watoto nyumbani, wamwagilie bustani, wapike uji wa mzazi. Nauli itoke katika mfuko wa jumuiya. Anayesindikiza naye akumbukwe, hata kwa doti ya kanga.

Gharama ikigawanywa hivyo, hakuna familia itakayolemewa. Na siku binti yetu atakapofika kwenye mlango ule wa wodi, awe na mtu wa kuingia naye.

Mungu awabariki akina mama wote wanaongoja kujifungua, na Mama Maria aliyemhudumia Elizabeti awaombee.