Mkono wa Baba
Baba alipoanza kutetemeka mkono, shangazi alisema ni uzee, mjomba akasema kuna mkono wa mtu. Daktari hapa London akasema: Parkinson.

Ndani ya seli za ubongo kuna protini iitwayo alfa-sinukleini. Seli huigonga muhuri wa fosfeti, hasa kwenye kiungo cha 129 cha mnyororo wake. Kwa mtu mzima wa afya, ni sehemu ndogo tu yenye muhuri huo. Kwenye mabonge ya protini ya Parkinson, ni kama asilimia 90. Muhuri ndio chanzo, au alama tu? Wanasayansi bado wanabishana.

Ila hakuna aliyemroga Baba. Mzee wenu akianza kutetemeka, jamani, msimfiche ndani. Mpelekeni kwa daktari.