Je, Wajua? Nani Humtibu Sista?

Sogea kidogo kwenye benchi, msomaji. Leo zamu ni ya wanaotutibu!

Je, wajua kwamba Kenya ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999? Wauguzi wa Homa Bay na Migori walikuwa wamelibeba miaka mingi kabla ya tangazo hilo!

Unabisha kwamba mzigo wao ni mzito? Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta virusi kwa karibu watu 20 katika kila watu wazima 100 wa Homa Bay, na 13 Migori. Kenya nzima, hawakufika hata 5!

Na dawa za kurefusha maisha? Katika hospitali ya Homa Bay zilianza kutolewa bure 2001, kwa mkono wa Madaktari Wasio na Mipaka. Kabla ya hapo, vuta picha: sista ameshika beseni na kitambaa chenye maji, pole imejaa mdomoni, kabatini hamna kitu.

Wadhani janga likiondoka, uchovu nao huondoka? Ugonjwa wa SARS uliitikisa Toronto, Kanada, 2003. Mwaka mmoja hadi miwili baadaye, wahudumu 30 kati ya 100 katika hospitali zilizowapokea wagonjwa wa SARS walikuwa wamechoshwa na kazi kupita kiasi. Hospitali nyingine? 19 tu!

Sikia hii ya kwa jirani. Gulu, Uganda, 2000: wauguzi wa Hospitali ya Lacor walikuwa wakizika wenzao kwa Ebola, wakataka kuacha kazi. Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali hiyo akazungumza nao, wakabaki. Yeye mwenyewe Ebola ilimuua tarehe 5 Desemba.

Na korona je? Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kati ya wahudumu wa afya 80,000 na 180,000 walikufa, kuanzia Januari 2020 hadi Mei 2021. Waliobaki waliamka wakavaa sare!

Je, wajua kwamba kumbana mtu asimulie yote mara tu baada ya maafa si dawa? Shirika hilohilo halishauri hivyo. Mpe maji, mkalishe, akitaka kusema msikilize.

Usiondoke, tamu ndiyo hii! Zimbabwe, 2006, mabibi 14 walianza kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti wa watu 573 ukaja kuonyesha kwamba baada ya miezi 6, walioketi nao waliobaki na dalili za sonona walikuwa 14 kati ya 100. Wasioketi nao? 50!

Na hili je? Kwa Kidholuo, neno *chuny* ni ini, tena ni roho. Mwili na moyo, neno moja!

Basi ukimaliza kupimwa presha pale Rongo au Mbita, kabla hujachukua kadi yako, muulize: “Na wewe sista, *chuny* yako iko aje?” Kisha ngoja jibu. Mganga hajigangi.