MUKIMBIZI NI NANI? DEPLASE NI NANI?

Juma lililopita, kwenye mustari wa chakula, tulisikia mumoja wetu akimwita mwenzake mugeni: «Wewe mukimbizi!» Mwenzetu huyo ametoka Fizi. Alinyamaza, akaweka sahani chini, hakula. Sisi wakapita tumeona ni vizuri kueleza jina hilo, kwa sababu serikali hazilitumii ovyo.

Kisha vita kubwa ya Ulaya, serikali zilifanya Mapatano ya Geneve, tarehe 28/7/1951. Yanasema hivi: mukimbizi ni mutu aliye inje ya inchi yake, anayeogopa kwa sababu ya kweli kwamba atateswa juu ya rangi ao kabila, dini, uraia, kundi lake ao mawazo yake ya siasa, na hawezi kupata ulinzi wa inchi yake. Lakini yalihusu tu mambo yaliyotokea mbele ya 1/1/1951. Protokole ya 1967 iliondoa mupaka huo wa tarehe.

Katika Afrika watu wengi wanakimbia bila kutafutwa kwa jina. Bombe haiulizi dini ya mutu. Njo maana Umoja wa Inchi za Afrika (OUA) ulifanya mapatano yake kule Addis-Abeba, tarehe 10/9/1969. Uliongeza: mutu anayelazimishwa kuacha inchi yake juu ya kushambuliwa na inchi ingine, kutawaliwa na wageni, ao fujo kubwa, hata ikiwa katika sehemu moja tu ya inchi, naye ni mukimbizi.

Sasa tuseme ndugu wawili wanakimbia Fizi usiku mumoja. Wa kwanza anavuka ziwa Tanganyika, anaomba kukaa Tanzania, kule kambi ya Nyarugusu iko. Akikubaliwa ni mukimbizi, na sheria inakataza kumurudisha penye hatari. Wa pili anashuka Kalemie. Vita ni ileile, njaa ni ileile, lakini hakuvuka mupaka. Huyu ni deplase. Serikali yake mwenyewe, ya Kongo, njo yenye deni la kumulinda.

Juu ya wadeplase, Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni katika 1998. Kisha Umoja wa Afrika ulifanya Mapatano ya Kampala, tarehe 23/10/2009, yaliyoanza kutumika tarehe 6/12/2012. Humo hata mutu aliyefukuzwa na mafuriko ao moto wa mulima anahesabiwa.

Na kwetu nani anapima? Sheria ya Kongo ya tarehe 16/10/2002 iliweka Komisyo ya Taifa ya Wakimbizi. Warundi waliopokelewa katika kambi ya Lusenda, kule Fizi, tangu 2015, hao njo wakimbizi. Lakini mutu aliyefanya makosa makubwa ya vita hapewi jina hilo, hata akilia.

Basi wandugu, ukimwita Mukongomani «mukimbizi» ndani ya Kongo, unamutosha katika inchi yake kwa mudomo. Yeye ni raia kama wewe, yuko kwao. Na kwa mukimbizi wa kweli, jina hilo si tusi, ni haki yake.

Yule aliyesema neno lile, tunamungojea kwenye mustari leo jioni. Hatumuitie azabu. Aombe musamaha tu, na wakule pamoja.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita